Wadudu Watatu wa Mihayo

Mihayo alipokutwa na malaria mara ya tatu, nesi Queen hakuinua hata macho. Aliandika kwenye daftari la zahanati, kisha akauliza kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi la nje, "Mama Mihayo, hivi hizi dawa unampa mtoto, au unampa nusu, nusu unaweka?"

Suzana alikuwa amempakata mwanawe wa miaka minne, mwili unachoma. Akajibu kwamba alimpa dozi yote, siku tatu, asubuhi na jioni, na maziwa juu yake kama alivyoelekezwa.

"Machi, Aprili, na sasa Mei," Queen alisema. "Dawa haishindwi hivyo."

Kijiji chao kiko mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kivuko cha Kamanga, na maneno ya pale benchini hufika nyumbani kabla ya mwenyewe. Suzana alimkuta mama mkwe wake, Paskazia, amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mjukuu wangu anaugua kwa sababu ya ubahili wako."

"Mama, nilimpa zote."

Suzana akaingia ndani, akatoka na pakiti tupu za dozi mbili zilizopita, akazipanga mbele ya mume wake. Nestory alizigeuza moja moja. Alikuwa mtu mpole, ndiyo maana jibu lake lilimuuma Suzana kuliko kelele za mama yake. "Pakiti tupu haisemi nani alimeza," alisema.

Suzana hakulia. Alimpa mtoto dozi ya tatu mbele yao wote wawili, kidonge kwa kidonge, hadi homa ikashuka. Siku ya tano akamwachia Nestory mtoto, akapanda feri ya kwanza kwenda Mwanza.

Kila Mihayo alipougua, watafiti wa malaria kutoka Mwanza walikuwa wamechukua matone ya damu yake. Suzana mwenyewe alikuwa ameweka saini kwenye fomu yao, na fomu ilikuwa na jina la maabara. Mlinzi wa geti la maabara hiyo akamuuliza kama ana miadi.

"Sina. Nina damu ya mwanangu humo ndani."

Mlinzi akakuna kidevu, akapiga simu. Akatoka mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alikuwa Dokta Zahabia, aliyezaliwa hapo hapo Mwanza kwenye familia ya wafanyabiashara wa vitambaa, na Kisukuma cha kusalimia alikijua tangu utotoni dukani kwa baba yake. Alimsikiliza Suzana hadi mwisho bila kumkatiza.

"Sampuli za msimu huu bado hatujazisoma zote," alisema. "Za mwanao naweza kuzitanguliza. Lakini jibu litakalotoka ndilo nitakalokupa. Linaweza lisikupendeze."

"Likisema nilimnyima dawa, niambie hivyo hivyo."

"Rudi baada ya wiki tatu."

Wiki tatu hizo Suzana alilima, akapika, akamsalimia Paskazia shikamoo kila asubuhi na kuitikiwa marahaba ya midomoni tu. Siku ilipofika akarudi Mwanza. Zahabia alikuwa na karatasi mezani, na alianza na neno lililomwondolea Suzana mzigo.

"Dawa ilifanya kazi. Mdudu wa malaria aliyekuwa kwenye damu ya Machi aliisha. Wa Aprili ni mwingine kabisa, na wa Mei mwingine tena. Vinasaba vyao havifanani. Mwanao ameumwa na mbu watatu tofauti, basi."

Suzana akashusha pumzi. Kisha akasema, "Naomba uje uyaseme haya kwetu. Nikiyasema mimi, ni maneno ya mtuhumiwa."

Zahabia akaja Jumamosi. Queen naye aliitwa. Wakakaa uani, Paskazia kwenye kigoda chake, uso umekaza.

"Sawa, ni wadudu watatu," Paskazia alisema. "Lakini mtu akishaugua surua haugui tena. Huyu mtoto mwili wake haujifunzi?"

"Unajifunza, bibi. Tatizo ni mdudu. Akiingia kwenye damu, anaweka alama yake juu ya chembe ya damu aliyojificha ndani yake, na mwili unamkamata kwa alama hiyo. Mwili ukishaijua, anaizima na kuwasha nyingine. Mmoja ana alama kama sitini katika vinasaba vyake, na anaonyesha moja moja."

"Sitini!" Nestory alishtuka.

"Na wadudu wawili wakikutana tumboni mwa mbu, vinasaba vyao vinachanganyika. Watoto wao wanazaliwa na alama ambazo hata wazazi hawakuwa nazo. Tulichukua damu ya Mihayo ya Mei tukaipambanisha na wadudu wake. Yule wa Machi ilimtambua. Wa Mei ilimpita kama mgeni."

Paskazia akasogeza kigoda chake mbele. "Mbona mimi siugui hivyo?"

"Umeugua miaka sitini, bibi. Mwili wako umeshaona alama nyingi. Wa mtoto ndiyo kwanza unaanza. Ataugua tena, nisikufiche. Chandarua, na kuwahi zahanati kila homa ikianza."

Queen ndiye aliyezungumza kwanza baada ya hapo. "Mama Mihayo, nilikosea. Na nilikosea mbele za watu." Suzana akaitikia kwa kichwa. Nestory alikuwa anatazama chini. Baadaye, wageni walipoondoka, alimfuata mkewe jikoni akasema neno moja tu, "Nisamehe," na Suzana akamwambia atamsamehe, ila si leo.

Kabla ya kuondoka, Zahabia alikuwa amedokeza kwamba akina mama saba pale kijijini wameshawaondoa watoto wao kwenye utafiti. Walichoka kuona damu ikichukuliwa na watoto wakiendelea kuugua. Bila kufuatilia watoto wale wale msimu mzima, hakuna atakayejua ni alama zipi zinapatikana kwa wadudu wengi, ambazo siku moja chanjo ingeweza kuzilenga.

Jumatatu Suzana alianza kupita nyumba za akina mama hao, moja baada ya nyingine, kuwaomba wawarudishe watoto. Wa kwanza alikataa. Wa pili alikataa. Wa tatu, mama mmoja aliyekuwa anaanua dagaa, alimsikiliza huku akiendelea na kazi yake, kisha akauliza, "Na hiyo damu itamponya wangu?"

"Haitamponya wako wala wangu," Suzana alisema. "Itawafundisha watafiti kumjua mdudu anayewaumiza watoto wetu. Mimi nimeona wanavyomtafuta. Hawajamkamata bado."

Yule mama akakung'uta mikono, akatazama ndani ya nyumba. "Siku gani wanakuja?"

"Alhamisi."

Suzana akaaga, akashika njia ya nyumba ya nne.