Imesambazwa Mara Nyingi

Kama umewahi kutumiwa ile sauti ya WhatsApp inayoanza na "Tulia, vuta pumzi, halafu ujibu swali," basi sauti hiyo ni yangu. Naitwa Jentrix Shivachi na kazi yangu ni kufundisha watu kujibu maswali ya intavyuu. Hukujua jina langu, na si kosa lako. Kuna mtu alikata sekunde za mwisho, pale nilipotaja jina na namba ya simu, na siku nikimpata atanijua mimi ni nani.

Nilikaa mapokezi miaka tisa katika ofisi moja ya Ngong Road. Waliokuja kutafuta kazi walikaa mbele yangu wakikausha viganja kwenye magoti. Mlango wa chumba cha intavyuu ulikuwa wa mbao nyepesi, kwa hiyo nilisikia maswali, nikasikia majibu, na nikasikia yale mabosi waliyosema mtu akishatoka. Hayo ya mwisho ndiyo elimu yenyewe. Ofisi ilipofungwa nikaona ni ujinga kukaa na elimu yote hiyo kichwani, nikabandika karatasi kwenye mlango wetu hapa Kianda: KOCHI WA INTAVYUU, KARIBU. Chumba ni kimoja, nimekigawa kwa pazia. Upande huu ni wa wateja, upande ule ni wa mama.

Mama yetu, Nelima, alipata kiharusi miaka sita iliyopita. Mkono wa kulia ulikufa na maneno yakabaki machache, lakini masikio ni mazima na akili haijaenda popote. Mteja akitoa jibu la uongo, mama huguna nyuma ya pazia. Sijawahi kumwona akikosea.

Nitakuambia ubaya wa biashara hii. Mtu akipata kazi, hataki ijulikane kwamba alifundishwa. Jumapili anasimama kanisani kutoa ushuhuda, anamshukuru Mungu, anamshukuru pasta, anawashukuru waombezi mmoja mmoja kwa majina, nami nimekaa kiti cha tatu nikingoja zamu yangu mpaka anaketi. Waliokosa kazi ndio wanaonitaja, tena kwa sauti kubwa. Mwaka mzima nilikuwa na wateja kumi na mmoja.

Ndipo Omolo akanipa ushauri. Omolo anatengeneza simu Kawangware na ni mtu wa kujua kila kitu.

"Madam, watu hawanunui kitu hawajaonja," aliniambia. "Wape kasampo. Rekodi voice note moja moto sana, jibu la ile swali ya 'tuambie kukuhusu.' Kila mtu a-forward kwa watu kumi. Mwisho unaweka jina na namba. Utashukuru baadaye."

Nilijaribu kutunga jibu. Nikatunga matatu, na yote matatu mama akaguna. Basi nikachukua la Valary.

Valary ni mdogo wangu, ana miaka ishirini na miwili. Mama alipoanguka, mimi nilikuwa na kazi ya ofisini niliyoogopa kuipoteza, kwa hiyo aliyeacha shule ni yeye, akiwa na miaka kumi na sita. Alishika kibanda cha mboga cha mama karibu na geti la mtaa wa Ayany. Alikuwa na daftari la kila mteja anavyopenda. Mama Kasiva alitaka sukuma ikatwe nyembamba sana. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu hakuweza kushuka ngazi, kwa hiyo Valary alimpelekea nyanya mlangoni, na akikuta amelala anaziacha kwenye ndoo. Miaka miwili hakupoteza mteja hata mmoja. Kibanda kilipobomolewa, wateja walikuja hadi hapa nyumbani kumuulizia. Tangu hapo amekuwa akifulia watu nguo.

Je, nilimuomba ruhusa? Nilimwambia tu, na huko si kuomba.

"Hiyo ni stori yangu, Jentu," alisema.

"Ni mfano tu. Sijataja jina la mtu."

"Lakini ni yangu."

Mama akaguna. Nikajiambia anasafisha koo, nikabonyeza kitufe nikarekodi. Nikasema kama ni mimi: mama yangu aliugua nikiwa na miaka kumi na sita, nikashika kibanda cha mboga Ayany, sukuma nyembamba, mwalimu wa ghorofa ya tatu, ndoo, yote.

Sauti ilienda. Baada ya mwezi ilinirudia kutoka kwa shangazi yetu wa Kakamega, aliyeniambia niisikilize itanisaidia. Juu yake ilikuwa imeandikwa kwamba imesambazwa mara nyingi. Nilimkuta mtu wa boda akiisikiliza pale kituo cha Olympic, nikacheza dansi barabarani peke yangu. Simu yangu haikulia, lakini nilisema subira, biashara inakua.

Kisha supermarket moja mpya ikatangaza kazi Kawangware, na Valary akaitwa. Kazi ilikuwa na bima ya matibabu, na bima ilihusu mzazi mmoja. Elewa hapo. Daktari alikuwa ametuambia kwamba mkono wa mama ungeweza kurudi kidogo kwa mazoezi ya kliniki, lakini muda ulikuwa unayoyoma. Hatukutaka kingine chochote duniani.

Nilimfundisha wiki mbili. Namna ya kuketi, namna ya kunyamaza, na sheria yangu kuu: zima simu kabla ya geti, usiiwashe mpaka utoke.

"Na wakiniuliza kunihusu?"

"Sema ukweli wako tu. Wewe ndiye mwenye jibu. Wengine wote wanaigiza."

Asubuhi ya intavyuu nilimsindikiza, na kwa sababu mimi ni mtu wa kutafuta soko nilibeba vikaratasi mia moja vyenye jina langu. Wasichana walipanga foleni hadi kwenye kona. Valary alikuwa wa thelathini na moja. Nikaanza kugawa. Msichana wa blauzi ya njano alikuwa amefumba macho, midomo ikitembea. Nikasogea. "Mama yangu aliugua nikiwa na miaka kumi na sita," alikuwa akinong'ona.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Nilifurahi sana, Mungu anisamehe.

"Hiyo umetoa wapi?"

"WhatsApp. Kwani wewe huna? Kila mtu anayo."

"Ni mimi nilirekodi! Hiyo ni sauti yangu!"

Alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani. "Sawa, mathe," alisema, akafumba macho tena.

Nyuma yake mwingine alikuwa akikariri ile ya ndoo ya nyanya. Mwingine alikuwa amebadilisha mama akaweka baba. Foleni ilizidi kusogea, nami nikapita nikisikiliza mmoja mmoja, na furaha ikaanza kunitoka kidogo kidogo. Kisha msichana mmoja akatoka ndani akijifuta macho, akamwambia mwenzake, "Wamecheka. Wameniuliza hao wamama wagonjwa wote wanatoka wapi."

Nilikimbia. Vikaratasi vilianguka, sikuviokota. Nilipofika mlangoni Valary alikuwa ameshaingia. Nikampigia, simu imezimwa. Nikapiga tena kama mwendawazimu, ilhali ni mimi niliyemwambia aizime. Nikamshika askari wa mlangoni mkono nikamwomba aniruhusu nimwambie dada yangu neno moja.

"Madam," akaniambia kwa upole, "tulia, vuta pumzi."

Valary alitoka baada ya dakika nne. Hakulia. Tulipofika karibu na kituo cha boda ndipo aliponieleza. Katika kujieleza alikuwa amefika pale kwenye geti la Ayany, na mama mmoja wa paneli akainua mkono, akammalizia: na mwalimu wa ghorofa ya tatu ulimpelekea nyanya, na akiwa amelala uliziacha kwenye ndoo.

"Akasema mimi ni wa tisa leo na hiyo stori," Valary alisema. "Nikamwambia, lakini ni mimi. Akasema wote wanasema ni wao. Nikawaambia twende nyumbani muone mathe. Wakacheka. Si kwa ubaya, walicheka tu."

"Valary, nisamehe."

"Mama Kasiva alikuwa ananiita malaika wa mboga. Hiyo hukuweka kwa voice note. Ningewaambia hiyo. Sikukumbuka."

Nyumbani mama alituuliza kwa macho. Valary alimgeuza ubavu, akampaka mafuta ule mkono, akaenda kufua.

Nilijaribu kuifuta ile sauti kwenye simu yangu. Niliifuta, ikarudi jioni hiyo hiyo kwenye kikundi cha kanisa.

Wiki mbili baadaye duka moja la dawa la Riruta, nalo lenye bima, lilimwita Valary. Alikuja akaketi kwenye kiti cha wateja, upande huu wa pazia, mikono imekauka kwa sabuni.

"Nifundishe ingine," alisema.

"Ingine gani?"

"Stori. Hiyo yangu imeisha. Nikitaja mama mgonjwa, watajua ni ile ya WhatsApp."

Nilitaka kukataa. Nilitaka kumwambia kwamba itasahaulika, kwamba watu watachoka nayo. Lakini mimi ni kochi, na najua mabosi husema nini mtu akishatoka. Nikavuta kiti.

"Tuambie kukuhusu."

"Naitwa Valary Shivachi. Nimekulia Riruta. Mama yangu ni mzima, ni mshonaji, hajawahi kuugua."

"Sauti imeshuka ulipofika kwa 'mzima.' Rudia."

Akarudia. Ikashuka tena.

"Na wakiniuliza ya bima?" alisema. "Niandikishe nani?"

Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe. "Nikimwandikisha mathe watajua ni mgonjwa. Nitasema sina wa kuandikisha."

"Rudia kutoka mwanzo," nikamwambia.

Mara ya tatu alisema vizuri kabisa, uso mtulivu, bila kutikisika, kama nilivyomfundisha. Nikangoja mama agune. Nilingoja sana. Kitanda kililia kidogo upande ule wa pazia, alikuwa anageukia ukutani, na hakuguna.