Siku Mota za Mtaa Zilipozunguka Kinyume

Dada mtu alikuwa dobi, mdogo mtu fundi wa kusuka mota. Watu walimwita huyu mdogo Shaba, kwa zile nyaya alizoshinda nazo mikononi. Dada yake hakulipenda jina hilo wala kazi yenyewe.

Hata hivyo, mota ya pampu ilipoungua pale kwenye chumba cha kufulia, hakuwa na pa kukimbilia. Shaba aliibeba hadi karakana yake mtaa wa pili, akatoa koili zilizokuwa nyeusi tii, akasuka mpya, akaijaribu, ikazunguka vizuri. Akairudisha na kuifunga mwenyewe. Tatizo, siku hiyo mtaa wa dada yake haukuwa na umeme. Transfoma ilikuwa imekufa, na mafundi wa umeme walikuwa juu ya nguzo wakifunga nyingine.

Umeme uliporudi, Shaba alikuwa ameshaondoka. Dada mtu akawasha pampu. Mota ikanguruma kwa raha zake, lakini bombani yakatoka maji ya kudondoka tu. Akapiga simu.

"Mota yako inaimba, maji hayapandi. Njoo uone ulichofanya."

Shaba alikuja mbio. Akatazama feni ndogo nyuma ya mota, kisha mshale uliochorwa kwenye pampu. Mshale ulielekea kulia, feni ilizunguka kushoto. Akakata umeme kwenye swichi kuu, akafungua kisanduku cha nyaya, na kati ya nyaya tatu akabadilisha nafasi za mbili. Walipowasha, maji yaliruka hadi ng'ambo ya karo.

"Kumbe uliunga kinyume," dada yake alisema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Shaba alikumbuka vizuri jinsi mota ilivyozunguka kulia karakanani, ila sasa hata yeye alianza kujitilia shaka. Alipokuwa akijifuta mikono, aliona chumba kimejaa mvuke. Feni kubwa ya ukutani, ambayo kazi yake ni kuutoa nje, ilikuwa ikivuta hewa ya nje na kuwarudishia mvuke usoni.

"Dada, hiyo feni nani ameigusa?"

"Nani aiguse? Ipo hapo tangu shemeji yako aifunge."

"Basi si mimi. Nyaya zimebadilishwa kule kwenye transfoma." Akashtuka. "Seremala!"

Wakatoka mbio, dada mtu pekupeku, povu hadi viwikoni. Seremala wa jirani alikuwa ameshaweka ubao mezani, mkono ukielekea kwenye swichi ya msumeno wa duara.

"Usiwashe!"

"Kwani kuna moto?"

Shaba alimwomba autoe msumeno kwanza. Walipowasha mota tupu, ilizunguka kinyume. Seremala alijua maana yake: nati inayoushika msumeno ingelegea, na msumeno ungechomoka. Akaketi juu ya mbao zake.

Shaba akawapigia simu mafundi wa umeme. Dada yake naye akapita mlango kwa mlango. "Zimeni mashine, mdogo wangu fundi amesema." Mafundi walirudi, wakarekebisha pale nguzoni. Ikabidi Shaba azirudishe nyaya za pampu kama alivyozifunga mwanzo, dada yake akimshikia bisibisi.

"Hebu nieleze taratibu," dada mtu alisema.

"Ndani ya transfoma kuna koili zisizogusana. Umeme wa koili moja ukipanda na kushuka, sumaku ya chuma cha katikati hupanda na kushuka nao, na hiyo huamsha umeme kwenye koili nyingine. Kwenye mota, nyaya tatu hupokezana zamu, kwa hiyo sumaku hukimbia duara. Chuma cha ndani hakina hata waya mmoja unaokiingia, lakini huburutwa nyuma ya sumaku. Ukibadilisha zamu za nyaya mbili, mbio zinageuka."

"Na hakiifikii hiyo sumaku?"

"Kikiifikia, hakivutwi tena. Lazima kibaki nyuma kidogo."

Dada mtu alitazama maji yakijaa kwenye karo. "Nisamehe, mdogo wangu. Kwa lile neno la leo, na kwa kutokuuliza miaka yote hii."

"Yameisha, dada."

"Kesho nakuja karakanani, nione unavyosuka."

"Uvae nguo za kuchafuka. Kule ni grisi na vanishi."

"Wewe! Unamtisha dobi kwa uchafu?"

Wakacheka mpaka seremala akachungulia dirishani kuona kulikoni.