Mkwaruzo wa Asubuhi

Watu wa mtaa walimwita Dobi, na jina hilo lilimkaa. Shuka aliyoifua yeye uliona haya kuilalia. Nyumbani kwake vumbi halikuwa na pa kutua: alifuta asubuhi, akafuta jioni, na dirisha la upande wa barabara halikufunguliwa kamwe. Marehemu mumewe, kinyozi mwenye maneno mengi, alizoea kumtania kwamba hathubutu kukaa kitako muda mrefu, asije naye akafutwa.

Kitu kimoja tu kiliwagombanisha: amplifaya. Kinyozi aliinunua kabla hajaoa, sanduku la mbao lenye uso wa rangi ya fedha na mishale miwili iliyorukaruka muziki ukikolea. Kuihamisha ilikuwa kazi ya watu wawili na matusi kidogo. Dobi aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, kinyozi akakiondoa.

"Inatoa joto, Dobi. Iache ipumue."

Akitoka tu, Dobi anafunika. Hivyo hivyo, miaka nenda miaka rudi.

Kila asubuhi kinyozi ndiye aliyetangulia kuamka. Alipozungusha kitufe cha sauti, kabla muziki haujaanza, spika zilikwaruza: kwaru, kwaru. Kitufe kilikuwa kimezeeka. Dobi, bado kitandani na macho ameyafumba, akajua mumewe yu mzima na chai iko jikoni. Aliupenda mkwaruzo ule kuliko muziki wenyewe, ila hakuwahi kumwambia. Nani humwambia mumewe mambo kama hayo?

Tangu mazishi hakuiwasha. Si kwamba alisahau. Aliuweka ule mkwaruzo akiba, kwa siku atakayozidiwa kabisa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini la kinyozi lilikuwepo, juu ya kabati, chini ya kitambaa.

Jioni moja alirudi kutoka kazini akamkuta binti yake sebuleni, anatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Mama, angalia!"

Juu ya kabati palikuwa na amplifaya: mbao, uso wa fedha, mishale miwili. Dobi alidhani ni ile ile, imepigwa msasa ikang'arishwa. Akaisogeza kidogo, ikanyanyuka kwa mkono mmoja.

"Mpya hiyo, mama. Siku hizi wanazitengeneza kwa sura ya zamani. Ina rimoti, inashika na simu, na haikwaruzi hata kidogo."

"Ya baba yako iko wapi?"

"Nimempa fundi. Mama, ile ilishachoka."

Binti akaiwasha. Haki yake ipewe: ilipiga vizuri. Mwimbaji ungedhani amekaa pale kwenye kochi. Mishale nayo ikacheza, tena kwa bidii kuliko ya zamani. Dobi akanyoosha mkono akazungusha kitufe. Kiliteleza vidoleni, hakikusema neno. Akakizungusha tena, na tena, mpaka binti akamuuliza anatafuta nini.

Kesho yake alifika kwa fundi kabla mwenyewe hajafungua kufuli la duka.

"Ondoa shaka, mama," fundi alisema akicheka. "Nimeitengeneza! Kile kitufe nimekifungua, nimekipulizia dawa, uchafu wote umetoka."

Akaiwasha. Taa ikawaka polepole, kwa uvivu ule ule wa zamani, na Dobi akajikuta anatabasamu. Akazungusha kitufe. Kimya.

Alikaa kwenye kigoda katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo, akalia kama mtoto. Fundi alibaki na bisibisi mkononi, hajui aishike au aiweke.

"Nimekosea nini, mama?"

"Ile kelele, mwanangu. Ilikuwa ya mume wangu. Ndiyo niliyobaki nayo."

Maji yakimwagika hayazoleki, na fundi alilijua hilo. Akakuna kichwa.

"Lilikuwa vumbi tu, mama. Linaingia humo ndani, linaganda."

Dobi akainua uso. "Linaweza kurudi?"

"Vumbi? Vumbi halina adabu, mama. Usipoifunika litarudi. Ila itachukua miaka."

"Nitangoja," alisema Dobi, akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

Amplifaya ikarudi juu ya kabati. Ile mpya binti aliichukua kwake, akanuna siku mbili, akanunua spika. Alipokuja tena kumtembelea mama yake, sebule iling'aa kama kawaida, isipokuwa pale juu ya kabati. Kitambaa hakikuwepo, na mbao ilikuwa ya kijivu. Akaokota tambara.

"Mama, hapa umepasahau!"

"Usiguse!"

Dobi alitoka jikoni mbio, mikono imejaa povu, akampokonya lile tambara. Akajifuta, akawasha, akainamisha sikio kwenye spika na kuzungusha kitufe taratibu. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Bado," alisema.

Kisha akaenda kufungua dirisha la upande wa barabara.