Sanduku la Visoksi vya Taa

Akiror alikuwa amechoshwa na watu. Tangu Jumatatu walikuwa wakipita kando ya kibanda chake pale Malaba, karibu na reli, wameziba pua utadhani anauza samaki waliooza. Yeye aliuza vipuri vya taa za presha: glasi, sindano, na vile visoksi vyeupe vinavyovalishwa taa ndipo iwake. Vyote vililala ndani ya sanduku la mvule alilotengenezewa na marehemu mumewe, Osukuku. Na ni sanduku hilo ambalo mzee Okedi, mwenye vibanda, alitaka kulichoma.

Chanzo kilikuwa Mwalimu Paulinus wa fizikia. Maskini, hakuwa na ubaya wowote. Asubuhi ya Jumatatu hiyo alikuja kununua visoksi vya kufundishia, akaja na kimashine cha shule cha kupima mionzi, akakisogeza. Tatatata! Waliokuwa kwenye foleni ya malori wakaruka. Kumbe visoksi vina thoriamu, madini yanayotoa mionzi! Mwalimu akavibeba vyote akavifungia stoo ya shule, akidhani yameisha. Aliporudi kupima sanduku tupu, tatatata vilevile.

"Hii sanduku imeingia sumu," Okedi akasema. "Nachoma leo leo."

"Ngoja, mzee," mwalimu akamsihi. "Visoksi vinatoa hewa, na hewa hiyo haikawii kugeuka chembe za risasi, madini kama ya betri ya gari. Zimenata kwenye mbao. Lakini risasi ya aina hii haidumu. Kila saa kumi na nusu hivi, nusu yake inaisha. Inayobaki, nusu tena. Bora tu isiongezwe kisoksi kingine. Jumatano asubuhi hutasikia kitu cha maana."

"Na nikisikia?"

"Uchome."

Akiror hakuelewa ni risasi gani inayoisha yenyewe. Alichoelewa ni Jumatano. Akaliacha sanduku wazi, akaketi juu ya jerikeni kutwa nzima bila kuuza hata sindano. Jioni mwalimu akapima, mlio umepungua. Jumanne ukawa unadondoka tu kama bomba bovu. Hata Okedi akaguna kukubali. Akiror akajiambia, haya, Mungu ni mkubwa.

Shida ni kwamba alikuwa amebakisha kwa siri bunda moja la visoksi kwenye mkoba. Mama Trizah wa Adungosi alikuwa amefiwa, na matanga bila taa ni aibu. Angekuja kulichukua Jumatano. Sasa Jumanne jioni mvua ikashuka kwa hasira, mkoba ukaanza kulowa, na visoksi vikilowa vimekwisha. Mgongo ukimuuma, Akiror akalitazama sanduku. Bunda moja tu, litafanya nini? Akalisukuma chini ya gazeti lililotandikwa ndani, akafunga kifuniko, akaenda zake nyumbani.

Jumatano Paulinus alikuja amevaa shati la kanisani. Akasogeza kimashine kwenye mbao, kikalia. Kikalia kushinda jana. Watu wakaangua kicheko, na Okedi akachukua mkebe wa mafuta ya taa.

"Mama, hukuweka kitu humu?" mwalimu akauliza.

"Hapana," Akiror akajibu, na ulimi wenyewe ukamshangaza.

Mwalimu alikigeuza kimashine, akakipiga kofi, akakisogeza tena. Uso ukamshuka. "Basi labda nilikosea," akasema polepole. "Choma, mzee."

Okedi akafungua mkebe. Harufu ya mafuta ilipomfikia Akiror, alimwona Osukuku akipiga randa mbao zile, akikohoa, akimtania kwamba sanduku litamzika yeye fundi wake. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Acha!" akapiga kelele. Akatumbukiza mkono chini ya gazeti, akatoa bunda. "Ni mimi. Niliogopa mvua."

Paulinus akashusha pumzi ndefu. "Mzee, imelishwa upya. Tupe siku mbili zingine, itaisha."

Okedi alifunga mkebe. Hakuonekana na hasira, alionekana kuchoka tu, kama Akiror. "Hii sanduku sina neno nayo. Sumu yake inaisha, nimeona kwa macho yangu. Lakini wewe mama, nikikuuliza kitu kesho, nitakupima na mashine gani? Toka kwa kibanda yangu."

 Akiror akainama, akashika upande mmoja wa sanduku. Hakuna aliyesogea kushika wa pili. Mwalimu naye alibaki amesimama kitambo, akimtazama. Kisha akazima kimashine, akainama upande wa pili.