Mche wa Pembe Nane

Mjukuu wangu tulimwita Kwanini tangu alipoanza kusema, maana kila ukimwambia jambo, swali lake lilikuwa hilo. Akasoma nalo hadi akamaliza, na kazi aliyoipata kiwandani ilikuwa ya kuuliza vile vile: alibuni nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, za kutengenezea mashine za leza na za kukuza nuru. Kitinda mimba wangu alikuwa kiwanda hicho hicho, mtu wa tanuri, wenzake wakimwita Moto. Baba yake Kwanini alipofariki, ni Moto aliyemlea, akamfunga kamba za viatu na kumsuka nywele upogo. Tuliishi watatu, na mezani hazikukosekana kelele.

Mimi shule yangu iliishia ya msingi, lakini kwa vitendawili nilikuwa simwogopi mtu. Kwanini alilijua hilo. Jioni moja tunaosha vyombo akaniambia, "Bibi, kitendawili."

"Tega."

"Mgeni kaingia kwangu, kazunguka nyumba nzima, chumbani hajafika."

Nikataja nzi. Nikataja jirani yetu wa mbele, yule wa kuchungulia. Akacheka, akachukua sufuria, akabandika punje ya haragwe katikati kwa unga uliokandwa. Kisha akatoa gololi kwenye kikombe changu cha vifungo, akaisukuma kwa nguvu ukutani mwa sufuria. Ikazunguka, ikazunguka, haragwe haikuligusa.

"Sasa lete kopo la biskuti."

Kopo lilikuwa na pembe. Akabandika haragwe jingine, akasukuma gololi, ikagonga kona, ikarudi, ikagonga kona nyingine, mara ikalipiga haragwe tap.

"Haragwe ni moyo wa uzi," akasema. "Ndani yake tumetia madini adimu, yamelala. Gololi ni nuru ya kuyaamsha. Ikiyagusa yanaamka, na nuru nyingine inayopita moyoni inatoka ina nguvu. Uzi ukiwa duara, nuru ya kuamsha inazunguka tu, inatokea upande wa pili haijamwamsha mtu."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Uzi huvutwa kutoka kwenye fimbo nene ya kioo. Wao waliiita mche. Fimbo huning'inizwa juu ya mnara, ghorofa ya tatu, inapita kwenye tanuri, inalegea, inadondosha tone, na tone linashuka limevuta uzi nyuma yake hadi chini kwenye pipa la kuzungushia. Mche wake Kwanini aliusaga ubavuni ukawa na pembe nane. Ulikuwa mmoja tu, na kuujaza yale madini kulichukua miezi. Mkurugenzi alisema ukitoa uzi mzuri, chumba cha ubunifu kitakuwa chini ya Kwanini. Usipotoa, chumba kinafungwa.

Moto alimtania tukila. "Watu wanabuni roketi, huyu ananiletea mche wa sabuni."

"Wangu hautoi povu, Baba Mdogo. Ila ukizidisha moto, utakuwa sabuni kweli, pembe zitakwisha. Kioo kikilegea sana kinajikusanya kiwe duara, kama tone la maji."

"Mimi nimeshika tanuri hujaota meno."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Moto mdogo, polepole."

"Polepole, mheshimiwa." Akampigia saluti kwa kijiko.

Siku ya kuvuta uzi, Moto alitangulia kurudi nyumbani, anapiga mluzi. Kwanini alikuwa amebaki kwenye chumba cha vipimo, kule alikoshinda akitayarisha vyombo vyake.

"Uzi ulikatika mara mbili mbele ya wageni," Moto akaniambia anavua viatu. "Mkurugenzi yuko chini ananikodolea macho. Nikaongeza moto kidogo. Mama, ulishuka kama maji ya bomba. Wageni wakapiga makofi."

"Na pembe?"

"Mama nawe umekuwa injinia? Nitilie chai."

Nikamtilia.

Kesho yake Kwanini aliingia jikoni akakaa kwenye kigoda, mkoba bado begani. "Nuru inaingia, inatoka vile vile. Nimetazama ncha kwa hadubini. Uzi ni duara, Bibi. Nimemwambia mkurugenzi pembe zimeyeyuka, akamwita Baba Mdogo, akamuuliza mbele ya wote kama moto ulikuwa ule niliouandika."

"Akajibu nini?"

"Ule ule. Hata nyuzi moja ya joto haikuzidi, kasema." Akavua mkoba taratibu. "Baba Mdogo hawezi kunidanganya. Basi mimi ndiye niliyekosea hesabu."

Tanuri lile ni la zamani, halina kumbukumbu. Kumbukumbu yake ni mtu anayelishika. Ulimi wangu ulikuwa tayari, nikauzuia, maana nilitaka Moto mwenyewe ndiye aseme. Kusemewa na mama kusingemrudishia huyu mtoto baba yake mdogo.

Chumba kikafungwa, Kwanini akaachishwa kazi. Akawa anashinda mezani na makaratasi, anapiga hesabu ile ile, anafuta, anaanza tena. Chakula kinapoa mbele yake. Moto akipita anamgusa bega. "Jikaze kisabuni, mwanangu. Dunia haijaisha."

Nilimfuata Moto uani anaanua nguo. "Mwanangu, kaseme."

Hakujifanya haelewi. "Nikisema, naondoka mimi. Mtu wa umri wangu ataajiriwa na tanuri gani? Yeye ana vyeti, atapata pengine."

"Kazi atapata. Anajiona mjinga, Moto. Hilo nani atamwondolea?"

"Atasahau." Akakunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

Kazi Kwanini akapata kweli, mji wa mbali: kutunza stoo ya nyaya za umeme. Nikamuuliza vipi hakutafuta ya kioo. Akasema, "Bibi, mtu asiyejua kuhesabu asiguse kioo." Yule Kwanini wangu, na hakuuliza tena kwa nini. Hilo ndilo lililonichoma.

Siku ya kumuaga nilipika, tukakaa watatu, begi lake limesimama mlangoni. Moto aliongea sana siku ile, habari za mabasi, habari za hali ya hewa ya huko. Nikamkata.

"Kitendawili."

"Tega," wakasema wote wawili, kwa mazoea.

"Niliingia na pembe nane, nikatoka sina hata moja."

Kwanini akaacha kutafuna. Moto akatazama sahani.

"Kimeulizwa kwako, Moto," nikasema.

"Sabuni," akasema. Akajaribu kucheka. "Mche wa sabuni, Mama. Ukiufulia unaishiwa pembe."

"Siyo."

"Basi sijui."

"Unajua. Haya, kama hujui, nipe mji."

Ndivyo mchezo ulivyo: aliyeshindwa anatoa mji, aliyetega anaupokea kisha anatoa jibu. Kwa miaka yote Moto alikuwa mkarimu, akinigawia miji mikubwa mikubwa yenye bandari na viwanja vya ndege. Siku ile hakuupata hata mmoja. Nilimtazama. Nilikuwa nampa mlango, apite mwenyewe.

Kwanini alikuwa anamtazama pia. Akamtazama muda mrefu, kama anavyotazama kwenye hadubini, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mpe huo ninaokwenda mimi, Baba Mdogo."

Nilidhani hapo Moto atavunjika, aseme.

"Haya," Moto akasema. "Nakupa huo."

Basi mji nikapewa, na jibu likawa deni langu. Nikalitoa. "Ni mche wa kioo. Aliyeshika tanuri aliongeza moto, uzi usikatike mbele ya wageni. Kaniambia mwenyewe, siku ile ile, anavua viatu."

Hakuna aliyepandisha sauti. Kwanini aliweka mikono yote miwili juu ya meza. "Hesabu yangu ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa," Moto akaiambia sahani yake.

"Utamwambia mkurugenzi?"

Akainuka, akaenda kunawa. Tukasikia bomba limefunguliwa, na sabuni ikizungushwa viganjani, ikizungushwa, mtu hamalizi kunawa. Kwanini alisubiri. Bomba lilipofungwa, miguu haikurudi mezani, ilipita ukumbini, ikaingia chumbani kwake, na komeo likalia.

Asubuhi nilimsindikiza Kwanini hadi kituoni. Chini ya mkono alibeba makaratasi yake, yale ya hesabu, ambayo jana yake alikuwa ameyaweka karibu na jiko niwashie moto. Sikumuuliza ya nini.

Moto alikuwa ameshatangulia kazini. Walikuwa wameagiza mche mwingine, wa duara, na tanuri huwashwa mapema.