Heda ya Pili

...na sasa Rra Mosimanegape, mkurugenzi wetu, ameinua mkono, akisema Pula, neno letu la baraka na la kukubaliana, nasi tukaitika Pula, basi jambo limepita, mtandao wa majibu ya vipimo unafunguliwa kwa kliniki zote za Francistown, na mimi nina andazi mdomoni halimezeki, kwa sababu nusu saa iliyopita, kujaribu tu, nimetuma ombi lenye heda mbili za jina la mgonjwa, ile mistari ya juu inayoiambia seva nani anaingia, proksi yangu, ile programu niliyoiweka mlangoni mwa seva ifute heda za kughushi, ikafuta ya kwanza kama nilivyoiagiza, ya pili ikaiacha ipite, seva ikaiamini, ikanifungulia majibu ya damu ya mwanamke nisiyemjua, jina, mtaa, ana virusi, yote, bila nywila... bawabu gani huyo, anampokonya mtu kitambulisho bandia kimoja na kumwachia kingine mfukoni... "Oteng huyu hajakanyaga chuo," Rra anasema, wanacheka, "lakini mlango wake hata mimi mkubwa wake unanifukuza!"... unakufukuza wewe, Rra, kwa sababu wewe unabisha hodi... nimejifundisha mwenyewe, simzungushi mtu, kosa lako nakwambia usoni, ndivyo ninavyojisifu, na Keneilwe, karani wetu wa mafaili, nilimwambia usoni, Jumatatu, mbele ya wote, alipouliza, "Kaka Oteng, na mtu akileta heda mbili je?", nikamjibu, "Dada, rudi kwenye mafaili yako, hii si kukoroga uji," wakaangua kicheko, yeye akafunga daftari... kosa lake lipi lakini? hakuwa na kosa, nilichukia kuulizwa, basi... nirekebishe kimyakimya mchana, ni mstari mmoja, nani atajua... lakini kuanzia sasa hadi mchana anatosha mdadisi mmoja kama mimi, na yule mwanamke ana majirani, ana wakwe... hapana... Keneilwe yuko kwenye birika la chai, ananitazama, ameshaona sitafuni... niseme nimegundua kasoro? watanipigia makofi, Oteng mwerevu, amejikamata mwenyewe, na huo ni wizi wa swali lake, mbele ya macho yake... Rra anavuta pumzi, midomo imeshakutana kwa ile P, natema andazi kiganjani, na maneno yamebaki machache, "Ngoja, Rra, Keneilwe aliliuliza hili Jumatatu, nami nikamcheka," bado sijayasema, lakini mengine yote yamenitoka kichwani.