Asiyeweza Kuchuchumaa

Kaa hapo kwenye kigoda, binti Yudith, na hizo karatasi ziweke chini kwanza. Umetoka chuo, umetumwa ujue kwa nini sisi abiria wa njia hii ya Kondoa kwenda Dodoma tunawasaidia makonda kuwadanganya trafiki. Si wewe wa kwanza kuuliza. Wa kwanza alikuwa kijana anaitwa Fredy, na swali lake lilinikuta hapa hapa Chemba, kando ya barabara, nimemshika mwanangu Salha kiunoni asidondoke.

Wewe mgeni, nikueleze jambo lenyewe. Zamani tulikuwa na basi la serikali, likitaka linakuja, lisipotaka halionekani wiki nzima. Ikaja ruksa, matajiri wakaleta mabasi yao, tukashangilia. Lakini tajiri hapeleki basi porini likiwa nusu. Linajazwa viti, kisha linajazwa watu wa kusimama. Sheria inakataza kusimama safari ndefu. Kwa hiyo likikaribia walipo trafiki, konda anasema "chini", na wote tuliosimama tunachuchumaa, mzee kwa kijana, tumebanana magoti. Trafiki akiangalia kutoka nje anaona vichwa vya waliokaa tu. Tukishapita, tunasimama, tunajipangusa, tunaendelea na mazungumzo. Hakuna aliyetufundisha. Hata mtu mpya akipanda, anatazama wenzake, anashuka chini.

Na usidhani hatujui hatari yake. Mdogo wangu Hasani alikufa kwenye basi la namna hiyo lililopinduka karibu na Haneti. Tulipomaliza arobaini yake, nilipanda basi jingine la tajiri yule yule kwenda kudai vitu vyake. Sasa ningepanda nini, binti? Ungo?

Salha alianza uchungu asubuhi, usiku ukapita, kukakucha, mtoto hatoki. Nesi wa zahanati alimpapasa, akaniita nje. Akasema, "Mama Salha, mtoto amelala kiubavu. Hapa sina la kufanya. Mpeleke Dodoma leo, usingoje." Zahanati haikuwa na gari. Mumewe, Hanifu, alikuwa Mirerani na vijana wenzake, wanachimba mawe ya bahati. Nikabaki mimi peke yangu na mtoto wangu barabarani, maji yamenifika shingoni.

Basi likaja kutoka Kondoa limefurika. Watu walipokuwa wanashusha mizigo, akateremka kijana mwembamba, karatasi mkononi kama wewe.

"Shikamoo mama. Naitwa Fredy, nafanya utafiti wa usalama barabarani. Samahani kidogo. Kwa nini abiria anakubali kupanda basi ambalo limeshajaa?"

"Marahaba. Niletee lililo tupu, nipande," nikamwambia.

Ndipo alipomwona Salha vizuri, akakunja karatasi zake. Alikuwa na adabu, siwezi kumnyima hilo.

Konda wa basi lile anaitwa Gaudence, tunafahamiana. Hakumtazama Salha usoni, alimtazama tumbo. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mimi sina roho mbaya. Lakini huyu hawezi kuchuchumaa. Leo mnada Msalato, trafiki wamejaa. Akionekana amesimama, basi linalala pale."

"Kwa hiyo azalie hapa kwenye vumbi?"

"Kesho lipo jingine."

"Kesho ya nani, Gaudence?"

Waliokaa walikuwa wanatusikia, madirisha yalikuwa wazi. Kila mmoja alikuwa na jambo lake la kutazama mbali huko. Fredy ndiye aliyesema, "Mimi nina kiti. Akae kwenye changu." Nilimshika mikono yote miwili nikamwombea kwa Mungu palepale. Nisikufiche, siku ile mpaka mchana hakukuwa na mtu niliyempenda duniani kuliko yule kijana.

Tukampakia Salha. Mimi nikasimama pembeni yake nimemshika mkono, Fredy nyuma yangu. Barabara ile unaijua, mashimo tupu. Kila basi likiruka, Salha anauma khanga yake, jasho linamtoka mpaka kwenye kope. Hakulia. Alikuwa ananiuliza tu, "Mama, bado mbali?" Nami namwambia si mbali. Tulipofika pale alipofia Hasani nikafumba macho, kama ninavyofanya siku zote. Fredy akaniuliza nina nini, nikamweleza.

"Na bado unapanda?" akasema.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili, baba. Nikipanda, huenda nikafa. Nisipopanda leo, huyu anakufa."

Nadhani alikuwa anawaza. Laiti angewaza kwa sauti, ningemkataza mapema.

Tukapita Mayamaya, tukakaribia Msalato. Vumbi la ng'ombe wa mnadani tukaliona kwa mbali. Gaudence akagonga bati mara moja, akasema, "Chini." Wote tukashuka. Mimi na magoti yangu haya nikachuchumaa, mkono wangu umebaki juu, kwenye mkono wa Salha. Nikainua macho, nikamwona Fredy bado amesimama wima, kichwa kinagusa paa. Na si kusimama tu. Alikuwa amenyoosha mkono dirishani, anawapungia trafiki.

Nikamvuta suruali. "Kaa chini, mwanangu."

"Mama, hawa ni polisi," akasema. "Wana gari. Wakijua kuna mgonjwa watamkimbiza hospitali sasa hivi. Tutafika haraka kuliko basi."

Watu wakaanza kumzomea kutoka huko chini, wengine wanamvuta shati. Kumbe tulishachelewa. Trafiki alikuwa ameshanyoosha mkono, na basi likasimama.

Aliingia trafiki mmoja, mtu mzima, sare imepigwa pasi. Akatutazama tulivyochuchumaa, akatikisa kichwa. "Wote mliokuwa mmesimama, teremkeni." Fredy akamweleza habari ya Salha, kwa Kiswahili kizuri cha shule, na utafiti wake akautaja. Trafiki akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mgonjwa amekaa, ataendelea na safari. Waliosimama washuke."

"Mimi ni mama yake," nikasema. "Niache mimi peke yangu."

"Nikikuacha wewe, hawa wengine nitawaambia nini? Shuka, mama."

Nikawageukia waliokaa. Niliwaomba, binti Yudith. Mimi Jaha, ambaye hata chumvi siombi kwa jirani, niliwaomba watu nisiowajua mtu mmoja anipe kiti, ashuke yeye, angenikuta Dodoma nikamlipa kwa namna yoyote. Mwanamke mmoja alianza kuinuka. Mumewe akamshika gauni, akakaa. Siwalaumu sana. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na jua la Msalato mchana unalijua.

Salha alikuwa hajaniachia mkono. Akasema, "Mama, usiniache na watu nisiowajua." Nikamwambia, "Natangulia kushuka tu, nakuja nyuma yako." Nikavitoa vidole vyake kimoja kimoja. Gaudence akaapa kwamba atamfikisha mpaka mlango wa hospitali, na alimfikisha, Mungu amlipe.

Basi likaondoka. Fredy akamwendea trafiki kuuliza habari za gari la polisi. Gari lilikuwepo kweli, Land Rover, limeegeshwa kando. Trafiki akasema, "Mafuta hatujaletewa tangu juzi." Fredy akalitazama lile gari muda mrefu. Hapo nilimwona anaanza kuelewa, na sikumhurumia hata kidogo.

Tukasimama barabarani tutafute lifti. Malori ya mnadani yakapita, madereva wanaona trafiki, wanatupungia mkono wa kukataa. Fredy akarudi kumwomba trafiki asimamishe hata moja. Trafiki akasema lori la ng'ombe haliruhusiwi kubeba abiria. Na ni kweli, haliruhusiwi. Mimi naapa, siku ile hakuna aliyesema uongo. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Tukaanza kutembea.

Ilibidi twende mbali mpaka trafiki wasituone ndipo pikapu moja ikatuchukua. Dereva akatuambia tulale sakafuni katikati ya mbuzi, tusionekane. Fredy akalala kabla yangu. Alijifunika uso kwa zile karatasi zake, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Hospitali nikaingia nakimbia, nanuka mbuzi. Nikauliza wodi ya wazazi. Nesi mmoja akanitazama, akasema, "Wewe ndiye ndugu wa Salha? Tumeita huko nje mpaka sauti zimekauka." Akanieleza anatembea, nami namfuata. Walimpasua, mtoto wakamtoa mzima, wa kike. Lakini Salha alivuja damu nyingi, na damu hospitali haikuwepo. Siku zile damu ilitoka kwa ndugu, na mgonjwa aliletwa na konda wa basi aliyeshafuata abiria wake stendi.

Nikapandisha mkono wa gauni, nikamnyooshea. "Toa yangu. Toa yote." Tulikuwa tumefika mlangoni. Nesi akaushika mkono wangu, akauteremsha ule mkono wa gauni polepole mpaka kwenye kiganja. Ndivyo nilivyojua.

Fredy alikuja kwenye matanga hapa Chemba. Alikaa mkekani na wanaume, hakula. Akaniomba msamaha mbele ya watu. Nilimwambia nimesamehe, maana ndivyo inavyosemwa. Alitoa kiti chake, binti. Kama asingetoa, Salha asingefika hata hospitali, na mtoto huyu asingekuwepo. Na kama angechuchumaa kama wenzake, mwanangu angekuwa hapa anakukaribisha uji. Nayapima haya mawili kila siku na hayalali sawa. Nilijaribu kumchukia, nikashindwa. Nilijaribu kumpenda tena kama siku ile, nikashindwa pia.

Sasa andika jibu lako. Nilipotoka Dodoma na kichanga kifuani, basi lilikuwa limejaa. Tulipokaribia Msalato nilikuwa wa kwanza kwenda chini, konda hajafungua mdomo. Hakuna chuo kitakachoniambia ubaya wake nisioujua.

Unamwona huyo anayecheza na vifuniko vya soda hapo mlangoni? Ndiye yeye, jina lake Salha, nilimpa la mama yake. Mwezi uliopita nilimpeleka mjini kliniki ya macho. Tulisimama, maana viti vilikwisha. Nilikuwa nimesinzia nimeegemea chuma. Nilipofumbua macho, ilikuwa Msalato, pale pale, na mtoto alikuwa ameshachuchumaa peke yake katikati ya miguu ya watu, ananivuta gauni.

"Bibi," ananiambia, "kaa chini, watatuona."